Mkulima wa Karanga na Sanduku la Kura

(Hotuba ya mwenezi wa chama mbele ya darasa la wanachama)



Mmenipa kazi ya kusema juu ya mjumbe wa baraza la kutunga sheria: anatoka wapi, anaingiaje, na akisha kuingia anafanya nini. Nimemchagua mtu wa Marekani, Bw. Jimmy Carter, wa mji mdogo wa Plains katika jimbo la Georgia. Jina lake mnalijua, kwa kuwa alikuwa Rais wa Marekani tangu mwaka 1977 hata 1981. Lakini leo sikuja kusema habari za urais. Nataka kusema habari za miaka minne, tangu Januari 1963, alipokuwa mjumbe wa Seneti ya jimbo lake. Na zaidi ya hiyo miaka minne, nataka tuziangalie siku 21 tu za mwaka 1962, tangu tarehe 16 Oktoba hata tarehe 6 Novemba. Katika siku hizo mtu yule alinyang'anywa kiti, akakitafuta, akakipata.

Sababu ya kuchagua habari hii ni moja. Wanachama wengi hudhani kwamba uchaguzi hushindwa jukwaani. Tukisha kuujaza uwanja, tukapiga ngoma, msemaji akasema vizuri na watu wakaitikia, basi twarudi nyumbani tukijua tumeshinda. Mimi nasema uwanja haupeleki mtu barazani. Kinachompeleka ni sanduku, na sanduku lisilo na mlinzi ni la yule aliye karibu nalo.

UKOO WA JEMBE NA SIASA

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Bw. Carter alizaliwa tarehe 1 Oktoba 1924. Alikulia Archery, nje kidogo ya Plains, kwenye shamba la baba yake, Bw. Earl Carter. Walilima karanga na pamba. Mtoto yule alikuwa akichemsha karanga na kwenda kuziuza mjini akiwa bado mdogo sana.

Siasa katika ukoo wao haikuanza na yeye. Babu yake mzaa mama, Bw. Jim Jack Gordy, alikuwa mkuu wa posta katika mji wa Richland. Alikuwa mfuasi wa Bw. Tom Watson, mwanasiasa aliyejulikana kwa kuwatetea wakulima wadogo. Ukoo wao ulijivunia kwamba mzee Gordy alikuwa na mkono katika shauri la kutaka barua ziletwe na posta mpaka mlangoni kwa mkulima, asilazimike kufunga safari ya mjini. Bw. Earl naye alikaa katika halmashauri ya shule za wilaya, na mwaka 1952 akachaguliwa kuwa mjumbe wa baraza la chini la Georgia. Hakukaa hata mwaka mzima. Alifariki Julai 1953 kwa ugonjwa wa saratani.

Hapa, ndugu zangu, lazima niseme ukweli wote, maana chama kisichowaambia watu wake ukweli huwafundisha uvivu wa akili. Shamba lile lililimwa kwa jasho la watu weusi. Familia za watu weusi zilikaa pale zikilima na kuvuna, na mtoto Jimmy alilelewa kwa sehemu kubwa mikononi mwa mama mmoja mweusi, Bibi Rachel Clark. Marafiki zake wa kucheza walikuwa watoto weusi. Lakini ilipofika saa ya shule, yeye alikwenda kwake na wao wakaenda kwao. Bw. Earl hakuona kosa katika mpango huo. Aliamini kwamba mweupe na mweusi wasichanganyike, na huo ndio mpango alioukuta na kuuacha. Mkewe, Bibi Lillian, aliyekuwa muuguzi, hakuufuata mpango huo kama mumewe. Aliwatibu watu weusi majumbani mwao na kuwakaribisha nyumbani kwake.

Bw. Jimmy alikuwa afisa wa jeshi la maji katika manowari zinazokwenda chini ya bahari. Baba yake alipokuwa kitandani kufa, alirudi nyumbani kumwuguza. Akaona watu wanakuja mmoja mmoja, weupe na weusi, kila mmoja akieleza wema aliofanyiwa na mzee yule kwa siri. Baadaye alieleza kwamba hilo ndilo lililomfanya aache jeshi akarudi shambani. Mwaka wake wa kwanza wa kilimo mvua haikunyesha, na faida aliyoipata haikutosha hata kumlisha mtu mmoja. Hata hivyo akabaki.

HALMASHAURI YA SHULE

Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kuwatenga watoto kwa rangi katika shule za serikali ni kuvunja katiba. Weupe wengi wa kusini waliungua roho. Wakaanzisha vyama vyao, vilivyoitwa Mabaraza ya Raia Weupe, kwa kusudi la kuuzuia uamuzi huo usitimizwe. Katika Plains walikuja kumtaka Bw. Carter ajiunge. Akakataa. Wakarudi tena, wakamwambia ada wako tayari kumlipia. Akakataa. Basi baadhi ya wateja wakaacha kununua mbegu na mbolea kwake.

Wakati huo yeye pia alikuwa amekwisha kuingia katika halmashauri ya shule ya wilaya ya Sumter, kama baba yake, na akawa mwenyekiti wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 palikuwa na maneno mengi Georgia kwamba ni afadhali shule zote za serikali zifungwe kuliko mtoto mweusi kuketi na mweupe. Fikirini, ndugu zangu: mtu yu tayari kumnyima mtoto wake mwenyewe kusoma ili mtoto wa jirani asisome pamoja naye! Mimi ni mwalimu kwa mafunzo yangu, na katika mambo yote ya historia ile hili ndilo linalonishangaza kuliko yote. Bw. Carter alisema kwamba hofu ya kufungwa kwa shule ndiyo iliyomsukuma kutaka kiti cha Seneti.

KURA ZISIZO NA UZITO SAWA

Sasa tuangalie jinsi kura zilivyokuwa zikihesabiwa Georgia. Jimbo lile lina wilaya 159. Tangu sheria ya mwaka 1917, katika kura za mchujo za chama cha Democratic, mshindi hakupatikana kwa kuhesabu watu. Kila wilaya ilipewa pointi. Wilaya 8 zenye watu wengi zilipewa pointi 6 kila moja, wilaya 30 zilizofuata pointi 4, na zile 121 zilizobaki pointi 2. Kwa kuwa chama cha Democratic kilikuwa hakina mpinzani wa maana, aliyeshinda mchujo alikuwa amekwisha kushinda kila kitu.

Tazameni matokeo. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 1960, wilaya ya Fulton, penye mji wa Atlanta, ilikuwa na watu 556,326 na pointi 6. Wilaya ya Echols ilikuwa na watu 1,876 na pointi 2. Maana yake, pointi moja ya Echols ilisimama kwa watu 938, na pointi moja ya Fulton ilisimama kwa watu 92,721. Mtu mmoja wa Echols alikuwa na uzito wa karibu watu 99 wa Atlanta! Na katika Atlanta ndimo walimokuwa watu weusi wengi walioweza kujiandikisha. Kwa hiyo hila ile ilikuwa na makali mawili: iliwapunja watu wa mjini wote, na iliwapunja watu weusi zaidi.

Mambo ya namna hii si mageni kwetu. Wazee waliomo humu wanaikumbuka kura tatu ya Tanganyika ya mwaka 1958 na 1959. Mpiga kura alilazimishwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, viti vikagawanywa sawasawa kwa rangi tatu, ingawa Waafrika walikuwa takribani nchi nzima. Na ili uandikishwe, ulitakiwa uwe na pato la paun 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kilichotajwa. Georgia na Tanganyika ziko mbali, lakini mnyang'anyi wa kura hutumia kanuni moja kila mahali. Hakukatazi kupiga kura, ila anahakikisha kura yako haimfikii.

Mwaka 1962 mpango ule wa Georgia ulivunjika. Mwezi Machi Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mahakama zinaweza kusikiliza mashtaka juu ya ugawaji wa viti. Mwezi Aprili mahakama ya huko Georgia ikaukataa mpango wa pointi. Mwaka uliofuata, Machi 1963, Mahakama Kuu ikaweka msingi kwamba katika uchaguzi wa namna ile kila mtu ana kura moja yenye uzito sawa na ya mwenziwe. Seneti ya Georgia ilibidi igawanywe upya haraka kwa kufuata idadi ya watu, na kura za mchujo zikawekwa tarehe 16 Oktoba 1962. Mlango ukafunguka. Bw. Carter alitangaza kwamba anasimama tarehe 1 Oktoba, siku aliyotimiza miaka 38. Alibakiwa na siku 15 tu.

SANDUKU LA GEORGETOWN

Eneo lake la uchaguzi lilikuwa na wilaya saba. Alizunguka, akasalimiana na watu madukani na katika maghala ya karanga, mkewe Bibi Rosalynn akipiga simu na kuandika barua. Siku ya kura ilipofika, rafiki yake mmoja, Bw. John Pope, alikwenda kuangalia mambo katika mji wa Georgetown, wilaya ya Quitman, mpakani na Alabama.

Wilaya ya Quitman ilikuwa na mkubwa wake, Bw. Joe Hurst. Bwana huyu alikuwa mjumbe wa wilaya hiyo katika baraza la chini, na papo hapo alikuwa na kazi katika idara ya kilimo ya jimbo. Mkewe alisimamia ofisi ya msaada wa maskini, na hundi za wazee na wajane zilipitia mikononi mwa Bw. Hurst mwenyewe. Nadhani mmekwisha kuelewa. Mtu anayekuletea chakula cha mwezi mlangoni, halafu siku ya kura anasimama mezani akikutazama, huyo hana haja ya bunduki.

Bw. Pope alipoingia katika nyumba ya mahakama aliona watu wanapiga kura juu ya meza iliyo wazi. Siri hapakuwa. Sanduku lenyewe lilikuwa boksi la karatasi ngumu, la chupa za pombe, lililotobolewa tundu juu. Bw. Hurst aliwaambia wapiga kura wamchague nani. Kisha alikuwa akitia mkono ndani ya boksi, anatoa karatasi, anazisoma, na zile zisizompendeza anaziondoa. Aliyafanya hayo mbele ya macho ya mtu aliyemjua kuwa ni wa upande wa pili, wala hakujificha. Mtu akizoea kuiba mchana, hata aibu humtoka.

Kura zilipohesabiwa, Bw. Carter alikuwa mbele katika jumla ya wilaya nyingine. Quitman ilipoletwa, akawa nyuma. Waliopiga kura pale Georgetown, kwa kuhesabu karatasi zilizotolewa, walikuwa 333. Kura zilizotoka katika boksi zilikuwa 420.

SIKU ISHIRINI NA MOJA

Hapa ndipo penye somo, nami naomba tutulie. Angeweza kufanya nini? Angeweza kuita mkutano akalalamika. Angeweza kusema, "Ndivyo walivyo," akarudi kuuza karanga. Wengi waliomtangulia walifanya hivyo, na ndiyo maana Bw. Hurst alikuwa bado mkubwa. Wako waliomshauri aache. Mkewe aliletewa maneno ya vitisho.

Yeye alianza na daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari; na kura ni mali. Akatafuta orodha ya waliosemekana kupiga kura. Ikaonekana kwamba watu zaidi ya mia moja walikuwa wamepiga kura kwa kufuatana herufi za alfabeti! Mwenye jina la A katangulia, wa B kafuata, kama watoto wa shule wakati wa kuitwa majina. Wengine katika orodha hiyo walikuwa wamekwisha kufa, wengine wamehama, wengine wako kifungoni.

Kisha wakaenda nyumba kwa nyumba katika Quitman, wakawauliza watu walichokiona, wakaandika, wakawaapisha. Kazi hii ilikuwa ngumu, kwa kuwa watu waliogopa. Lakini mmoja akisha kusema, wa pili hupata nguvu. Akapatikana mwandishi wa gazeti la Atlanta, Bw. John Pennington, aliyekwenda mwenyewe mpaka Georgetown, akayaona, akayaandika, jimbo zima likasoma. Akapatikana wakili, Bw. Charles Kirbo, mtu mpole wa maneno machache.

Mwanzoni mwa Novemba shauri likasikilizwa mbele ya Jaji Carl Crow, pale pale Georgetown. Boksi likaletwa. Halikuwa limefungwa kwa lakiri. Orodha na vishina vya karatasi, vilivyotakiwa kuwamo, havikuwamo. Kikaonekana kitu kingine: furushi la kura zilizokunjwa pamoja. Ndugu zangu, kura ikitumbukizwa moja moja katika tundu na watu mbalimbali, inawezaje kukunjwa pamoja na wenzake kama khanga dukani? Jaji aliikataa hesabu ya boksi lile. Bw. Carter akawa mshindi wa mchujo.

Lakini mambo hayakuisha. Mpinzani wake, Bw. Homer Moore, hakukubali, na viongozi wa chama walivutana juu ya jina la nani liwekwe. Usiku wa kuamkia uchaguzi wenyewe, jaji mwingine aliamuru majina yote mawili yafutwe, na kila mpiga kura aandike kwa mkono wake jina la amtakaye. Wakati huo saa za kufungua vituo zilikuwa zimekaribia. Wasaidizi wakakesha wakipeleka habari wilaya kwa wilaya. Tarehe 6 Novemba watu wakaandika. Bw. Carter akashinda kwa tofauti ya kura 831. Januari 1963 akaapishwa. Bw. Hurst naye baadaye alitiwa hatiani na mahakama kwa hila za kura.

KATIKA KITI

Alifanya nini alipokwisha kukipata? Aliahidi kusoma kila muswada kabla ya kuupigia kura. Msicheke. Mabaraza mengi duniani yana watu wanaonyanyua mkono kwa sababu jirani yao ameunyanyua. Miswada ilikuwa mingi hata akajifunza mbinu za kusoma upesi. Kwa hiyo akajulikana kuwa mtu anayejua yaliyoandikwa katika ukurasa wa mwisho. Alikaa katika kamati ya elimu, na mwaka 1964 chuo cha Americus, karibu na kwao, kikapandishwa kuwa chuo cha miaka minne, jambo alilolihangaikia.

Hotuba yake ya kwanza katika Seneti ilikuwa juu ya yale maswali 30. Sheria ya Georgia iliweka orodha ya maswali juu ya katiba na serikali, na katika vitabu vya sheria yalionekana kama mtihani wa haki. Lakini mezani kwa mwandikishaji yalikuwa rungu la kumfukuzia mtu mweusi. Mweupe asiyejua kitu aliandikwa; mweusi mwenye digrii aliambiwa ameshindwa. Bw. Carter alisimama akataka maswali hayo yaondolewe. Kwa mjumbe mgeni kutoka mashambani ya kusini, kusema hivyo mwaka 1963 hakukuwa jambo dogo.

Na sasa upande wa pili wa mizani. Ndani ya eneo lake la uchaguzi ilikuwamo wilaya ya Terrell. Huko ndiko serikali ya Marekani ilikowashtaki waandikishaji mwaka 1958 kwa kuwazuia watu weusi wasijiandikishe, shauri la kwanza la namna hiyo chini ya sheria ya haki za raia ya mwaka 1957. Katika mji wa Americus, mwendo mfupi tu kutoka nyumbani kwake, mwaka 1963 vijana waliandamana, wakapigwa, wakafungwa. Wanne walishtakiwa kwa sheria ya uasi iliyokuwa na adhabu ya kifo. Wasichana wadogo, wanafunzi, walifungiwa wiki kadha katika gereza bovu la Leesburg, wazazi wao hawajui waliko.

Mjumbe wao alisema nini hadharani? Alinyamaza. Waandishi wa maisha yake, hata wanaompenda, hawalifichi jambo hili. Katika kanisa la kwao, mwaka 1965, yeye na jamaa zake walikuwa miongoni mwa watu wachache mno waliopiga kura ya kuwaruhusu weusi kuingia kusali. Lakini barabarani, mahali walipokuwa wakipigwa watoto, hakuonekana. Alipima, akaona akisema atapoteza kiti. Mimi siwezi kulifunika jambo hili kwa sababu tu alishinda boksi la Georgetown. Kiti kilichopatikana kwa haki bado chaweza kukaliwa kwa woga.

Tena tukumbuke ni nani walioufungua mlango ule wa mwaka 1962. Ulifunguliwa na watu wasiotaka kiti, waliokwenda mahakamani kwa kuwa kura yao ilipunjwa. Na haki ya kujiandikisha ilifunguliwa na wale vijana wa Americus na wenzao wa kusini nzima, mpaka ikapatikana sheria ya haki ya kura ya Agosti 1965. Mjumbe alipita mlango. Wengine walikuwa wameusukuma.

URITHI

Mwaka 1966 aliacha kiti akagombea ugavana. Akashindwa, akawa wa tatu katika mchujo. Kiti chake cha Seneti kilichukuliwa na binamu yake, Bw. Hugh Carter, naye mtu wa Plains, mfugaji wa minyoo ya kuvulia samaki, akakikalia mpaka mwaka 1981. Bw. Jimmy alirudi tena mwaka 1970, na katika kampeni ile alitafuta kura za weupe waliopenda utengano. Lakini alipoapishwa Januari 1971 akatangaza kwamba wakati wa ubaguzi wa rangi umepita, na baadhi ya waliomchagua wakaona wamedanganywa. Urais ulifuata. Mjukuu wake, Bw. Jason Carter, naye aliingia Seneti ya Georgia mwaka 2010, akaukosa ugavana mwaka 2014. Hesabuni wenyewe: baba, mwana, binamu, mjukuu. Huo ndio ukoo wa jembe na siasa.

Je, ukoo kama huo ni mzuri au mbaya? Wako wanaosema mtoto wa mjumbe asiguse kiti. Wako wanaosema kiti ni chake kama shamba la babu. Mimi nasema shamba hurithiwa, kiti huombwa. Jina la baba yake lilimfungulia mlango wa halmashauri ya shule. Lakini kule Georgetown jina halikumsaidia. Alisaidiwa na orodha, viapo, na watu walioshinda hofu.

Nalo boksi lile hakulisahau. Alipotoka katika urais alianzisha taasisi yake mwaka 1982, na tangu mwaka 1989 ikawa ikituma watu kuangalia uchaguzi katika nchi nyingi. Walifika Kenya mwaka 2002, Kongo mwaka 2006, na Sudan Kusini katika kura ya maoni ya mwaka 2011. Bw. Carter alifariki tarehe 29 Desemba 2024, mwenye umri wa miaka 100. Hao waangalizi ni wageni wema. Lakini mgeni huja siku ya kura akaondoka. Mwenyeji ndiye anayejua kwamba Mzee fulani katika orodha amezikwa mwaka juzi.

KAZI YETU

Ndugu wanachama, nisiwachoshe. Nina maombi manne kwa kila tawi.

La kwanza, tawi liwe na orodha ya wapiga kura wa mtaa wake, na isomwe mkutanoni kabla ya uchaguzi, ili aliyekufa aondolewe na aliyehamia ajulikane.

La pili, kila kituo kiwe na watu wetu wawili tangu kufunguliwa mpaka kuhesabiwa kura ya mwisho. Mmoja akienda kula, wa pili abaki. Bw. Pope alikuwa peke yake, na hata hivyo macho yake mawili yalitosha kuanzisha shauri zima. Wawili ni bora.

La tatu, tukiona hila tusipige kelele, tuandike. Saa ngapi, nani, alifanya nini, nani mwingine aliona. Fimbo humpa mwizi nafasi ya kusema ameonewa, lakini karatasi yenye saa, majina na sahihi humnyima maneno.

La nne, mjumbe wetu akisha kuingia, tumwulize kila mwezi mambo mawili: miswada ipi umeisoma, na jambo gani umelinyamazia. Hili la pili tusiogope kumwuliza, hata akiwa ni ndugu yetu, hata akiwa tumemkesheea sanduku lake sisi wenyewe. Hasa akiwa tumemkesheea.

Mkitoka hapa, kila katibu wa tawi abaki aandike majina ya wale wawili wa kila kituo chake. Nataka kuondoka na majina hayo jioni hii.